Chokaa, Samli na Ndoo Tisa za Maji

Kisa hiki kimenifikia baada ya kupita mikononi mwa watu watatu au wanne, na kila mmoja wao aliapa kwamba hakuongeza chumvi. Mimi siapi. Ila nimekisoma mara mbili, na mara ya pili niliinuka kwenda kutazama kama pipa la nyumbani lina maji. Ukimaliza kukisoma, mpelekee mwenye watoto. Kama humjui mwenye watoto, baki nacho mwenyewe, kwani na wewe una macho.

Palikuwa na kijiji kiitwacho Jiweni, ambacho watu wake waliishi kwa kuchoma chokaa. Mawe yalichimbwa machimboni, yakapangwa tanuuni juu ya magogo, yakachomwa siku tatu mfululizo, yakatoka meupe na mepesi. Mengine yaliuzwa hivyo hivyo kwenye magunia. Mengine yalipelekwa shimoni, yakamwagiwa maji, na hapo ndipo mgeni aliporudi nyuma hatua tatu. Jiwe lililokwisha poa lilitokota kwa maji baridi, likafuka moshi, likapasuka, likawa unga.

Mkuu wa tanuu alikuwa Mzee Sengasu. Nawaambia mapema kwamba hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia kabla ya mwisho. Alikuwa mkali kazini na mpole nyumbani, kama walivyo mafundi wengi. Alikuwa pia na chongo. Jicho lake la kushoto lilikuwa na utando mweupe, na halikuona hata jua la saa sita.

Jicho hilo ndilo lililokuwa sheria ya Jiweni. Kila mfanyakazi mpya, kabla ya kukabidhiwa beleshi, alisimamishwa mbele ya Mzee Sengasu na kuulizwa.

"Chokaa ikikuingia jichoni?"

"Samli, Fundi."

"Na maji?"

"Mwiko."

"Kwa nini mwiko?"

Hapo mzee hakungoja jibu. Alijielekezea kidole kwenye utando ule mweupe, akasema, "Hili liliguswa na maji."

Nani angebisha? Kila mtu alikuwa ameona maji yanavyoifanya chokaa shimoni, na kila mtu alikuwa anamwona Sengasu. Kwa hiyo kopo la samli lilitundikwa kwenye nguzo ya banda, na mapipa ya maji yakawekwa hatua arobaini kutoka tanuuni, ng'ambo ya shimo, ili mtu aliyezidiwa na maumivu asije akayakimbilia. Mgeni alikubali kwa kichwa, akapokea beleshi lake, akaingia kazini. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Watu watatu walikuwa wamewahi kupakwa samli hiyo kwa mkono wa Sengasu mwenyewe. Wawili walikwisha kuhama. Wa tatu alikuwa Hoza, kijana wa mabega mapana aliyebeba magunia mawili pale wengine walipobeba moja. Jicho lake la kulia lilikuwa likitoa machozi tangu miaka miwili nyuma, na kila kitu alikiona kwa ukungu. Hoza alishukuru hata hivyo. Alisema bila samli ya Fundi angekuwa kipofu kabisa.

Mtu mmoja tu pale tanuuni hakuwahi kuulizwa yale maswali. Aliitwa Nambua, mama wa makamo kutoka milimani Upare, aliyemfuata mumewe machimboni. Kazi yake ilikuwa kuchota maji kisimani na kujaza mapipa. Kwa kuwa hakushika beleshi, hakuna aliyeona haja ya kumfundisha mambo ya chokaa. Alikuja na ndoo kichwani, akamimina, akaondoka. Wengi hawakulijua hata jina lake.

Mzee Sengasu alikuwa na mjukuu wa miaka saba, jina lake Mwantumu. Mama yake alikwenda Pangani kumuuguza mama mkwe, akamwacha mtoto kwa babu. "Baba, nakuachia roho yangu," alisema siku ya kuondoka, na Sengasu akacheka akamwambia aende zake, kwani yeye alikuwa amelea watoto sita na hakupoteza hata mmoja. Mwantumu alimletea babu chakula cha mchana kila siku. Babu alimwita mke wangu, na yeye alimjibu kwamba hamtaki mume asiye na meno.

Siku hiyo aliwasili na bakuli la ugali na kunde, kitambaa kimefunika juu. Alipaswa kusimama kwenye nguzo ya banda na kuita. Ila alimwona babu yake upande wa pili akihesabu magunia, naye akakata njia, akapita nyuma ya Hoza aliyekuwa na gunia begani.

Mshono wa gunia ukafumuka. Si chokaa nyingi iliyomwagika, labda magao mawili, yaani ya kujaza viganja viwili. Lakini ilikuwa kavu na laini, na ilimwagika moja kwa moja usoni mwa mtoto, ikamwingia jicho moja.

Bakuli lilianguka kwanza. Kisha Mwantumu akapiga ukelele.

Watu wote walijua la kufanya, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. Hoza alitupa gunia, akarukia nguzo, akatungua kopo, akalifungua na kuchovya kidole. Mwingine alichana kitambaa cha kumfunga mtoto macho. Sengasu alikuwa anakimbia, na kichwani mwake lilikuwamo jambo moja tu. Jicho la Mwantumu. Angemwambia nini mama yake?

Alipofika, alikuta amewahiwa. Nambua alikuwa akipita na ndoo kichwani kuelekea mapipani, naye alikuwa ameitua chini. Alikuwa ameidaka mikono miwili ya mtoto isifike usoni.

"Usisugue, mwanangu," alikuwa akisema. "Usisugue. Nipe hiyo mikono."

Kwa upindo mkavu wa kanga yake akapangusa unga ulioganda kwenye paji la uso na nyusi. Akakaa chini, akamlaza mtoto mapajani, akamgeuza kichwa upande, jicho lililoumia likawa upande wa chini. Kisha akachota kopo la maji ndooni.

"Wee mama, acha," Sengasu akasema. "Utamchemshia mtoto jicho."

Kopo la kwanza lilikwisha mwagwa. Mwantumu akapiga kelele zaidi. Hoza akafika na kidole chake cha samli, akamtazama Fundi, akingoja amri ya kumsukuma yule mama kando.

Nambua hakuinua uso. Alikuwa amepanua kope kwa vidole viwili, akimwaga polepole kutoka upande wa pua kwenda nje.

"Hii ni chokaa," Sengasu akasema. "Huijui. Ikipata maji inachemka."

"Najua inachemka, baba. Naiona kila siku huko shimoni." Akachota kopo la pili. "Niambie wewe unayeijua. Ukitupa gao moja la chokaa katika shimo lililojaa maji mpaka juu, linachemka?"

Sengasu akageuka kulitazama shimo.

Aliijua kazi hii kuliko mtu yeyote. Chokaa hutokota pale inapokuwa nyingi na maji machache. Ukiinyunyizia, inakasirika. Lakini gao moja katika shimo lililojaa huzama kimya kimya, likayeyuka, likapoa, na maji hata hayapati uvuguvugu. Alikuwa ameliona jambo hilo mara elfu, na mara zote elfu hakuwahi kulipeleka jichoni.

Alikuwa na muda wa kuvuta pumzi mbili. Upande mmoja palikuwa na kopo la samli, marehemu Fundi Kilua aliyemfundisha kazi, na maisha yake yote ya uzeeni na ujanani. Upande wa pili palikuwa na mchota maji ambaye yeye mwenyewe hakulijua jina lake.

"Halichemki," akasema.

"Basi niletee shimo," Nambua akasema.

Hoza alisimulia baadaye kwamba hakuamini macho yake, hata lile zima. Fundi aliushika mkono wake uliokuwa na samli, akaushusha chini. Kisha akajifunga shuka kiunoni na kuanza kukimbia kuelekea mapipani, mzee wa miaka sitini na kitu, akipiga mayowe watu walete ndoo. Zile hatua arobaini alizozipima mwenyewe ndizo zilizomtesa siku hiyo. Alizikimbia mara nne, kwenda na kurudi, na kila hatua alijilaani kwa kuweka maji mbali.

Watu walipoona Fundi anakimbia na ndoo, nao wakakimbia. Wakapanga mstari. Maji yalikuwa ya kisima, safi, hayajaguswa na chokaa. Ndoo ikapita mkono kwa mkono, Nambua akachota na kumwaga, akachota na kumwaga, hapumziki. Mkono wake ulipochoka, Sengasu akapiga magoti, akalishika kopo yeye.

"Polepole," Nambua akamwambia. "Usimwagie kwa juu sana. Mwambie apepese."

"Pepesa, mke wangu," Sengasu akasema. "Pepesa jicho."

Maji mengine yaliishia shingoni mwa mtoto. Alikuwa akingoja moshi. Kweli, sikufichi, kwa ndoo tatu za kwanza mzee yule alikuwa akingoja kuona moshi ukitoka jichoni mwa mjukuu wake. Moshi haukutoka. Ndoo ya nne, kilio kikapungua. Ya sita, kikawa kwikwi. Ya nane, Mwantumu akanyamaza kabisa, na Sengasu akamwinamia usoni, kwa kuwa hakujua ni kimya cha namna gani.

"Babu," mtoto akasema. "Maji yananiingia sikioni."

Mzee Sengasu akacheka, na huku anacheka akawa analia. Hakujali nani anamwona. Nambua akasema ndoo ya tisa nayo imwagwe, hata kama mtoto amechoka, na ikamwagwa.

Kisha wakampeleka zahanati. Hoza alileta baiskeli yake, Nambua akaketi kwenye kiti cha nyuma na mtoto mapajani, na Sengasu akafuata pembeni na ndoo ndogo ya maji mkononi ili jicho lizidi kuoshwa njiani. Watu wa njiani walidhani ni harusi ya ajabu.

Tabibu wa zahanati aliitwa Mdoe, mtu mrefu, mpole wa sauti, asiyependa kuharakishwa. Aliliosha jicho tena. Akaipindua kope ya juu, akaona punje moja iliyojificha, akaitoa kwa pamba iliyolowa. Akatia dawa ya rangi ya manjano, akalimulika kwa tochi yake, akalitazama kwa muda ambao Sengasu aliuona ni mrefu kuliko mwezi wa mfungo. Akamfunika mtoto jicho moja, akamwonyesha vidole, Mwantumu akavitaja. Akamfunika la pili. Mwantumu akavitaja tena, na akaongeza kwamba kucha ya kidole gumba ni chafu.

"Pana mkwaruzo mdogo," tabibu akasema. "Siku tatu au nne utakuwa umepona. Nitampa dawa ya kupaka, na kesho mrudi nimwone. Jicho ni zima."

Sengasu akamwinua mjukuu wake, akampakata.

"Nani aliyemwosha?" tabibu akauliza.

Nambua akainamisha kichwa, akidhani amefanya kosa.

"Kwa ndoo ngapi?"

"Tisa," Hoza akajibu.

"Mngeniambia kumi na tisa nisingewakasirikia. Ila mngekuja hapa bila kuosha, sasa hivi ningekuwa naandika barua ya kuwapeleka mjini, na sijui kama ingesaidia." Akamgeukia Nambua. "Mama, nani amekufundisha?"

"Hakuna," Nambua akasema. "Kwetu watoto hujipaka pilipili machoni kila siku ya Mungu. Tunawaosha mpaka wanyamaze."

Sengasu akakohoa. Lilikuwapo swali lililokuwa likimwasha, na hakuweza kulivumilia tena.

"Na samli, daktari? Kama tungempaka samli kwanza?"

"Samli ingeifunika chokaa, ikakaa humo humo ikiunguza." Tabibu alikuwa akinawa mikono, hakuona nyuso za watu. "Mafuta, samli, maziwa ya mama, majani ya kutafunwa, ulimi wa bibi, vyote hivyo nimeviona machoni mwa watu. Jicho halivitaki. Likiingiwa na vumbi au unga au dawa, lataka maji safi na subira. Kama ni kitu kimechoma jicho, kimesimama humo, hapo usioshe, usiking'oe, usikiguse. Funika kwa kikombe bila kukandamiza, uje mbio. Mengine yote ni maji."

"Basi mbona mimi maji yaliniulia jicho?" Sengasu akauliza. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu aliyeonewa.

Tabibu akamtazama lile jicho jeupe. Akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Uliingiwa na chokaa lini, mzee wangu?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili."

"Ukafanywa nini?"

"Fundi Kilua, Mungu amrehemu, alinipaka samli. Akanifunga kitambaa, akasema kisifunguliwe."

"Kikafunguliwa lini?"

"Siku ya tatu. Nilikuwa silali kwa maumivu. Mama yangu alinionea huruma, akanifungua kwa siri, akaninawisha kwa maji."

"Na baada ya kunawishwa?"

"Sikuona tena."

Tabibu akasogea karibu. "Na kabla ya kunawishwa, mzee. Zile siku tatu, ndani ya kitambaa. Ulikuwa unaona?"

Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Macho yaliyofungwa kitambaa, nani ajue kama yanaona au hayaoni?

"Sijui," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimefungwa."

Hoza alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, na jicho lake la kulia lilikuwa linatoa machozi kama kawaida yake.

Sengasu hakulifikiria jicho lake. Alimfikiria mama yake. Fundi Kilua alikuja siku ile, akaona kitambaa kimefunguliwa, akasema mbele ya watu, "Mama, umempofusha mwanao." Mama yake aliishi miaka kumi na minane baada ya siku hiyo, na kila alipompa mwanawe chakula aliliangalia lile jicho, kisha akaangalia chini. Sengasu hakuwahi kumlaumu kwa maneno. Lakini hakuwahi pia kumwambia kwamba si yeye, kwa sababu aliamini ni yeye. Mwanamke yule alizikwa na kosa ambalo halikuwa lake. Katika watu wote wa Jiweni wa siku zile, yeye peke yake ndiye aliyefanya lililopasa, ila alichelewa kwa siku tatu.

Lilimuuma sana jambo hilo, na litaendelea kumuuma. Ila palikuwa na kitu kingine kilichokuja pamoja na maumivu, nacho kilikuwa kikubwa zaidi. Kilikuwa nafuu. Mama yake hakumpofusha. Aliyarudia maneno hayo moyoni mara tatu, na kila mara kifua kilimfunguka zaidi.

Akamgeukia Hoza. "Mwanangu, jicho lako nimelipaka mimi."

"Najua, Fundi."

"Nimekuharibia."

Hoza akaizungusha kofia mikononi. "Ungekuwa wewe uliyeingiwa na chokaa siku ile," akasema, "mimi ningekupaka kopo zima. Tulikuwa kitu kimoja."

"Njoo uketi hapa," tabibu akamwambia Hoza. "Huo ukungu wako nataka kuuona. Si kila kilichochelewa kimekufa."

Jioni ile Mzee Sengasu hakwenda nyumbani kupumzika. Aliagiza pipa moja kubwa, jipya, lijazwe na kuwekwa mlangoni mwa tanuu, na kopo lake limefungwa kamba. Samli akaipeleka jikoni kwake, mahali pake. Wazee wa kijiji walikuja kuuliza kulikoni, wengine wakinung'unika kwamba desturi za mafundi wa zamani haziachwi kwa siku moja. Aliwajibu kwamba yeye hajaziacha, ametoka tu ndani ya kitambaa.

Watu walipokusanyika, aliwasimulia yote, bila kujiondoa popote. Akasema alikuwa amewafundisha kosa, akiwa na ushahidi usoni mwake ambao hata yeye hakuuelewa. Akamtaja mama yake kwa jina, Mwanakombo binti Sheluti, akasema mbele ya kijiji kizima kwamba mama huyo hakupofusha mtu.

Kisha akauliza, "Yuko wapi mchota maji?"

Nambua alikuwa nyuma kabisa ya watu, ndoo kichwani, akitafuta njia ya kupita. Mtu akamtua ndoo, mwingine akamsukuma mbele. Akasimama mbele ya Fundi, mikono ameificha ndani ya kanga. Umri wake ulikuwa wa binti wa Sengasu, wala si binti mkubwa.

Mzee akainamisha kichwa chake cheupe.

"Shikamoo," akamwambia.

Nambua akarudi nyuma kama aliyechomwa na mwiba. Mzee wa kijiji haamkii mtoto wake, na mtoto haitikii salamu ya baba yake. Hakuwahi kusikia jambo la namna hiyo, wala hakujua mdomo wake auweke wapi.

"Baba, usinifanyie hivyo," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ni mdogo."

"Siamkii umri, mama," Sengasu akasema. "Naamkia mkono uliomwaga maji. Mwingine niliyepaswa kumwamkia hivyo hayupo."

Akabaki ameinama, akingoja. Watu wakatazamana. Nambua machozi yalimjaa, na kijiji kizima kikawa kinangoja neno moja.

Mwantumu alikuwa amekaa begani kwa Hoza, jicho lake limepakwa dawa, amechoka kungoja.

"Marahaba, babu," akaitikia yeye. "Haya, inuka. Ugali wako niliumwaga, na mimi nina njaa."

Wakacheka wote, na aliyecheka kwa nguvu zaidi alikuwa Mzee Sengasu. Akainuka, akamshika Nambua mkono, wakaenda nyumbani kwake kula. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Funzo: Jicho likiingiwa na vumbi, unga au dawa, usisugue wala usipake kitu, osha kwa maji safi na mengi kisha nenda kwa tabibu, na desturi uliyorithi iulize swali ukiwa bado unaona, kwani aliyefungwa kitambaa hajui ni saa ngapi alipofuka.